Mche wenye majani matatu



Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Mimi mwenyewe nimeitumia methali hiyo mara nyingi mbele ya kipaza sauti, tena bila kuifikiria sana. Wiki hii naomba tuijadili, na shahidi wangu ni mche wa pilipili.

Mwanzoni mwa masika nilisia mbegu za pilipili mbuzi katika dumu la mafuta ya kula nililolikata ubavuni. Wengi wetu mjini hatuna shamba, lakini hakuna kibaraza kisichotosha dumu moja. Nilichanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, nikafukia mbegu kina cha nusu sentimita, nikatandaza nyasi kavu juu yake na kunyunyizia maji asubuhi na jioni. Pilipili haina haraka. Siku ya tisa ndipo shingo za kwanza zilipochomoza zikiwa zimeinama. Zilipokwisha kunyooka zote, nilihesabu miche 31.

Miche 30 ilikuwa na majani mawili membamba yaliyochongoka, yakitazamana. Mmoja ulikuwa na majani matatu, yamekaa kama mafiga.

Majani hayo ya mwanzo wataalamu huyaita kotiledoni. Sisi tunaweza kuyaita majani ya mbegu, kwa kuwa yamo ndani ya mbegu hata kabla hujaisia. Mwaka 1682 Mwingereza John Ray alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa idadi ya majani hayo ni njia nzuri ya kupanga mimea katika makundi. Mahindi na mpunga huwa na jani moja la mbegu. Maharage, nyanya na pilipili huwa na mawili.

Basi haya matatu yanatoka wapi? Mmea ukiwa bado kiinitete kichanga ndani ya tunda, homoni zake hupanga mahali majani mawili ya mbegu yatakapoota. Mara chache hutokea sehemu tatu badala ya mbili, au moja ikapasuka. Hutokea kwa pilipili, kwa nyanya na kwa mimea mingine mingi. Anayesia mbegu nyingi kila mwaka atauona mche kama huo siku moja.

Mimi nilikuwa sijawahi kuuona, nikawaita watu. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kijana wa jirani, anayeuza miche ya matunda na maua kando ya barabara, aliinama akautazama, akasema, "Mzee, hiyo ni mali. Majani matatu, maana yake itazaa mara moja na nusu. Tunza mbegu zake, mimi nitanunua."

Jioni ile ile mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza, alitoka kibarazani na kikombe chake cha chai. Nilimwonyesha. Aliutazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hicho ni kigego. King'oe."

Kwa vijana wasiolijua neno hili, kigego ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Katika baadhi ya jamii zetu za pwani na bara yake, zamani mtoto huyo alihesabiwa kuwa mkosi. Iliaminika kwamba akiachwa akue atawamaliza ndugu zake. Wako waliouawa, na wako waliotolewa wakalelewa mbali. Kosa lao lilikuwa meno mawili.

Sikuung'oa, wala sikumwahidi kijana mbegu. Nilikwenda kwa bwana shamba mmoja mstaafu ninayemfahamu. Alicheka, akaniambia, "Majani ya mbegu ni masurufu ya safari tu. Yakiisha, mche unajitegemea. Subiri majani yake ya kweli, kisha subiri tunda."

Nikasubiri. Katika wiki ya tatu kinyausi kiliangusha miche minne, na yote minne ilikuwa ya majani mawili, ile isiyotiliwa shaka na mtu yeyote. Miche iliyobaki ilipofika urefu wa kiganja, nilihamisha mitatu katika ndoo kuukuu zilizo sawa, kwa udongo ule ule na jua lile lile: ule wa majani matatu na miwili ya kawaida. Mingine niliigawa. Ule wa majani matatu niliufunga uzi mwekundu shinani, nisije nikaupoteza.

Na kweli ningeupoteza. Majani ya mbegu yaligeuka manjano yakadondoka. Majani ya kweli ya kwanza yalitoka yamesongamana kidogo, lakini yaliyofuata yakaja moja moja kwa kupokezana, kama ilivyo desturi ya pilipili. Ua la kwanza likatokea, shina likagawanyika panda mbili kama mashina ya wenzake. Katika mavuno ya kwanza nilihesabu: mmoja wa kawaida ulizaa pilipili 23, ule wa uzi 19, wa tatu 16. Ndoo tatu haziwezi kuwa utafiti, lakini zilinitosha kumjibu yule kijana.

Kuhusu mbegu, jibu lilikuwapo zamani. Mholanzi Hugo de Vries alichagua kwa miaka kadhaa miche ya aina mbalimbali yenye majani matatu na kusia mbegu zake, na habari hizo zimo katika kitabu chake kikubwa cha nadharia ya mabadiliko cha mwaka 1901 hadi 1903. Kwa aina nyingine idadi ya watoto wenye majani matatu ilipanda upesi. Kwa nyingine walibaki wachache hata baada ya kuchaguliwa tena na tena. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiuziwa mche au mbegu kwa bei ya juu kwa sababu ya jani la tatu, shika fedha yako.

Mama alirudi mwezi wa tisa. Siku hiyo nilikuwa nimeufungua ule uzi. Nikamwambia, "Mama, kigego chako ni kipi kati ya hizi ndoo tatu?" Alizizunguka, akapapasa majani, kisha akaonyesha ndoo ya mwisho. Haikuwa yenyewe.

Nilidhani tutacheka. Mama alikaa kwenye mkeka, akanyamaza. Kisha akanieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote zaidi ya arobaini sijawahi kulisikia nyumbani kwetu. Alikuwa na mdogo wake wa kike. Meno yakaota juu kwanza. Usiku mmoja wazee walimchukua, na asubuhi watoto waliambiwa wasimtaje tena. "Alikuwa anacheka tu kama watoto wengine," mama alisema. Mpaka leo hajui alipelekwa wapi, wala kama aliishi.

Leo muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto atakwambia kuwa mara nyingi meno ya mbele ya chini ndiyo hutangulia, karibu na miezi sita, lakini ya juu yakitangulia si ugonjwa wala si ishara ya lolote. Hata hivyo bado wako kina mama vijana wanaofunika kinywa cha mtoto kwa khanga wageni wakiingia. Nawaomba wasifunike. Na wageni, tukiyaona meno hayo, tumchukue mtoto tumpakate.

Nyota njema na ionekane asubuhi, sikatai. Lakini asubuhi ya mche ule yule kijana aliona utajiri, mama akaona mkosi, na yote mawili hayakuwamo. Nafuata ile methali nyingine: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Pilipili za ndoo zote tatu tulizitia katika chupa moja ya achari. Mama ameondoka nayo Muheza.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo.