Fundi wa Elektroniki za Ndege na Amana ya Sahihi Yake

(Nasaha kwa wazazi baada ya swala ya Ijumaa, Singida mjini)

 

Ndugu zangu Waislamu, wiki mbili zilizopita mzee mmoja alinijia madrasa na kijana wake wa Kidato cha Pili. Kijana ataka kuendelea na Fizikia ili asomee ufundi wa ndege. Mzee ataka aiache, kwani ndege, kwa kauli yake, "si mambo ya watu wa Singida". Nimeona jibu nililompa niwape nanyi, maana wenye kauli hiyo ni wengi. Na mimi niliyesoma elimu ya juu kwa Kiarabu msinidhanie kuwa nawapigia debe wenzangu.

Ndani ya ndege mna redio, rada ya hali ya hewa, vipimo vya mwendo na kimo, na kompyuta zimsaidiazo rubani kushika njia. Kuvikagua na kuvitengeneza ndiyo kazi ya fundi huyu. Kwa kanuni za kimataifa hapewi leseni aliye chini ya miaka 18, wala asiye na uzoefu wa miaka minne. Aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa huhitaji miwili. Leseni kwetu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Zamani vijana wa Afrika Mashariki walikwenda Soroti, Uganda, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1971. Leo mafunzo ya matengenezo ya ndege yapo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam, safari ya siku moja kwa basi. Mlango wake ni Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Aiachaye Fizikia amejifungia mwenyewe, wala kuhifadhi kwake juzuu kumi hakutamfungulia.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Indonesia aina ya Boeing 737 MAX ilianguka katika Bahari ya Java, wakafa wote 189 waliokuwamo. Uchunguzi ulitaja sababu kadhaa, ikiwemo kasoro ya usanifu wa ndege yenyewe. Lakini ulieleza pia kwamba chombo kidogo kipimacho pembe ya ndege dhidi ya upepo, kilichofungwa siku moja kabla, kilikuwa kimepotoka kwa nyuzi 21 tangu kilipotengenezwa karakana, na haikuthibitika kuwa kilipofungwa kilipimwa ipasavyo.

Zingatieni hapo. Fundi amalizapo kazi hutia sahihi katika daftari la ndege, na sahihi hiyo ni ushahidi: nimepima, ni salama. Abiria hamjui fundi huyo, wala hatamwona. Sisi tuwafundishao watoto amana na ushahidi wa kweli kila jioni, kwa nini tuwazuie kwenda mahali ambapo ushahidi wa mtu mmoja umebeba roho za wengi?

Mzee akaniuliza, "Na ada, ustadhi?" Swali la haki, na jibu kamili sikuwa nalo. Nilimwambia ada ni ya baada ya Kidato cha Nne, bali fomu ya kuchagua masomo hujazwa muhula huu. Kamati ya msikiti nimeiomba ifikirie mfuko wa wanafunzi wa sayansi, itakutana Jumapili. Fomu ya kijana bado iko mfukoni mwa baba yake.