Kompyuta Inapokosea, Nani Hulipa?



Yako mazoea yaliyoota mizizi katika ofisi za umma duniani kote. Mwananchi akifika dirishani huambiwa kwamba mtambo umegoma, arudi kesho. Hurudi kesho, kwa nauli yake mwenyewe. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa hutokea pale mtambo usipogoma bali unaposema uongo, na wakubwa wakauamini.

Mfano ulio wazi umetoka Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo, ambalo ni mali ya Serikali, lilifunga katika ofisi zake mtambo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, iliyomezwa na Fujitsu ya Japani. Wasimamizi wa posta ndogo, wengi wao wenye duka lenye dirisha la posta, wakaanza kuona upungufu wa fedha ambazo hawakuzigusa. Walipoomba msaada kwa simu, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mkataba uliwabana kufidia pengo. Basi wakalipa, huyu kwa akiba yake, yule kwa kuweka nyumba rehani, mwingine kwa kukopa kwa jamaa. Wengine wakafikishwa mahakamani kwa wizi au udanganyifu wa hesabu. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani.

Sheria nayo iliegemea upande wa mtambo. Hapo awali mwendesha mashtaka alipaswa kuonyesha kwamba kompyuta iliyotoa ushahidi ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, mwaka ule ule Horizon ilipoanza kuenezwa. Mwenye duka akabaki na mzigo wa kuonyesha ubovu wa mtambo ambao hakuwa na ruhusa hata ya kuufungua.

Kampuni hii si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, iliyofungwa Hazina mwaka 1965, iliuzwa na ICT, kampuni iliyoungana na nyingine mwaka 1968 ikazaliwa ICL. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Uamuzi ule ulikuwa mkali mno, na uliachwa zamani. Lakini angalau mwenye kutaka mtambo alilazimika kueleza kwanza utamfaa nani.

Huko Uingereza wasimamizi 555, wakiongozwa na Alan Bates, walilishtaki Shirika. Desemba 2019 Jaji Fraser wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kasoro za Horizon ziliweza kuleta mapengo yale. Walikwisha kukubaliana kulipwa paundi milioni 57.75. Gharama za kesi zilipotolewa, zikabaki kama milioni 12 tu za kugawana watu wote hao. Mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu mamia kwa mara moja, na fidia, ambayo imepita paundi bilioni moja, inatoka Hazina, yaani mifukoni mwa walipa kodi, wakiwamo wale wale waliodhulumiwa.

Januari 2024 mkubwa mmoja wa Fujitsu aliwaambia wabunge kwamba kampuni ina wajibu wa kiungwana kuchangia fidia hiyo. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi ilipotolewa Julai 2025, ikieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huo, mchango wenyewe ulikuwa bado haujatolewa.