Kibarua Naye Ana Fidia Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na wanaharakati mjini Elburgon)



Sisi wa Elburgon tumelelewa na msitu. Mbao zimetujengea nyumba na kutusomeshea watoto. Na mbao hizo hizo zimewaacha baadhi yetu bila vidole. Kijana mmoja tunayesali naye alikatwa vidole vitatu na msumeno wa mashine katika kiwanda kimoja cha kupasulia mbao. Nyapara alimpa nauli ya hospitali na ujira wa wiki mbili, akamwekesha kidole gumba kwenye karatasi, akamwambia kwamba kibarua asiye na barua ya kazi hana fidia. Kijana akaamini. Nasi tukaamini. Harambee tulimfanyia, haki hatukumtafutia. Miezi 12 ikapita bila dai kuandikwa, na sasa njia yake imekuwa nyembamba. Leo twakiri kosa letu, ili lisirudiwe.

Ndugu zetu, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa ile ya kale, Sura ya 236, haikudai barua. Yauliza mambo mawili: je, uliajiriwa kwa ujira? Je, ajali ilikupata ukiwa kazini na kwa ajili ya kazi? Mapatano ya mdomo yatosha. Kibarua yumo, mwanagenzi yumo. Aliyeumia ndani ya gari ambalo mwajiri amelitoa kuwachukua wafanyakazi bila nauli, yumo pia. Hata aliyekiuka agizo hatupwi, ikiwa alikuwa akitenda kwa faida ya kazi ya mwajiri. Anayekosa fidia ni yule aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi. Na hata huyo, akifa au akilemaa vibaya, mlango haufungwi. Tena, mapatano ya kumfanya mtu aiache haki hii ni batili. Basi ile karatasi ya kidole gumba haikuwa na nguvu yoyote.

Lakini haki hii huharibiwa na kimya. Mwarifu mwajiri upesi, kwa mdomo au kwa maandishi. Yeye naye apaswa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7, au saa 24 ikiwa mtu amekufa. Dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Mwajiri akikaa kimya, nenda mwenyewe ofisini Nakuru. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na hesabu yake hutoka katika mapato ya miezi 96. Anayepata shilingi 10,000 kwa mwezi, akipimwa asilimia 20, hesabu yake ni shilingi 192,000. Pimeni wenyewe kati ya hizo na ujira wa wiki mbili!

Jihadharini pia na madalali wanaowahimiza watu kukimbilia kortini. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba dai huanzia kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika hupinga kwake katika siku 60, kisha hukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Wengine watauliza: haya yahusu nini na mageuzi? Kifungu cha 2A kilipoondolewa Desemba 1991, tulishangilia vyama vingi. Lakini kura isiyomfikia mtu aliyesimama mbele ya msumeno ni uhuru wa nusu. Katiba ya 2010, Ibara ya 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Maandishi hayo tuliyapigania; sasa tuyatumie.

Twaomba kila kanisa liteue watu wawili na daftari moja. Mtu akiumia, siku hiyo hiyo waandike tarehe, saa, mahali, jina la nyapara na majina ya mashahidi. Watunze karatasi za hospitali, na ujumbe wa M-Pesa wa ujira, maana huo ni ushahidi wa ajira. Kisha wamsindikize hadi Nakuru, asiende peke yake.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Sisi twasema anayo, ila hajaandikiwa dai lake. Tumwandikie.

Mungu awabariki.