Neno "Thieta" na Maana Zake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Morogoro)



Kazi yetu sisi makarani ni maneno, na leo tumeleta moja tu: thieta. Mzee ashukaye kutoka Mgeta au Matombo na mwanawe mgonjwa huambiwa hospitali, "Kijana atapelekwa thieta." Naye amekwisha kusikia kwa vijana wa mjini kwamba thieta ni mahali pa michezo. Je, atatia sahihi yake kwa moyo gani?

Asili ya neno hili ni Kiyunani, theatron, yaani mahali pa kutazamia. Hospitali ililipataje? Huko Ulaya zamani waganga walipasua wagonjwa mbele ya wanafunzi waliosimama madarajani kama watazamaji. Chumba cha namna hiyo kilichojengwa London mwaka 1822 kipo hata leo, nacho ni makumbusho. Watazamaji waliondoka, jina likabaki. Waingereza hata vita huvipa jina hilo; sisi twasema uwanja wa vita, na yatosha.

Waarabu husema masrah, neno lililo ndugu wa lile la kupeleka mifugo malishoni. Kwao pia twalipata tamthilia, jamaa ya mithali na mithili. Ni neno zuri, lakini siku hizi wengi walisikiapo hufikiri televisheni. Na "mchezo" una taabu yake: bandika tangazo la mchezo hapa mjini, nusu ya watu watakuja kutazama mpira.

Waluguru hawakungoja Wayunani. Ngoma kwao, kama kwetu sote, ni chombo kipigwacho, ni uchezaji, tena ni shughuli nzima. Mwali atolewapo nje baada ya kufundwa, wapo waimbao, waigizao na watazamao, wala hakuna aliyekata tikiti. (Huko Rwanda ingoma ni ngoma, na tena ni utawala wa mfalme.) Hatupendi kusikia haya yakiitwa "thieta ya kienyeji," kana kwamba ni mtoto wa kambo.

Basi twaomba: tangazo la hospitali liandikwe chumba cha upasuaji, jumba liitwe ukumbi wa maonyesho, na kitabu kama Hatia cha Penina Muhando, mzaliwa wa mkoa huu, kilichotoka mwaka 1972, kiitwe tamthilia. Na yule mzee wa Mgeta asomewe karatasi yake yote kabla ya kupewa kalamu.