Pembe Mraba Mlimani

Msikilizaji, leo tupo Ilemela, kwenye vilima vya mawe vinavyotazama Ziwa Victoria. Somo ni la mwanafunzi anayeanza kujifunza pembetatu yenye pembe mraba.

Mtazame fundi anayeweka msingi. Anapima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, kisha anavuta tepu kati ya ncha hizo mbili. Ikisoma 5, kona imekaa sawa, yaani ni pembe mraba. 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16. Jumla 25, yaani 5 mara 5. Ndiyo Kanuni ya Pythagoras.

Kwenye mteremko ndiko wengi hukwama. Tuseme umelaza tepu juu ya ardhi ukapata mita 13, na ncha ya juu imeizidi ya chini kwa mita 5 kwenda juu. Ramani ya kiwanja huonyesha umbali wa mlalo. Ni mita ngapi? Usikimbilie kujumlisha! Chora kwanza, nakusihi. Upande unaotazamana na pembe mraba ndio mrefu kuliko zote, na hapa ni 13, tayari tunao. Kwa hiyo tunatoa: 13 mara 13 ni 169, 5 mara 5 ni 25; 169 toa 25, inabaki 144. Kipeuo chake cha pili ni 12. Tofauti ni mita nzima, na mita moja inatosha kugombanisha majirani.

Zoezi: ngazi ya mita 6.5 imeegemea ukuta, kitako chake kipo mita 2.5 kutoka ukutani. Inafika urefu gani? Chora, kisha kokotoa.