Ugali hauna kosa, kosa ni kuula mtupu



Kiswahili chetu kina neno kitoweo. Mtu wa Pwani ukimuuliza amekula nini mchana, hatakujibu kwa kitu kimoja. Atakuambia amekula ugali kwa kunde, wali kwa samaki, au bada kwa kisamvu. Na siku mambo yalipomwendea kombo atakuambia, tena kwa kuona haya kidogo, kwamba amekula ugali mtupu. Maana yake ni kwamba wazee waliotuachia lugha hii walikwishajua jambo ambalo leo wataalamu wa lishe hulisema kwa maneno marefu: ugali peke yake haujawa mlo.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu siku hizi katika miji yetu, na hasa hapa Dar es Salaam, kuna kelele nyingi juu ya wanga. Mwenye kitambi anaambiwa aache wanga. Mgonjwa wa kisukari anashauriwa na jirani yake aache wanga. Bibi harusi mtarajiwa anayetaka kupungua naye anaacha wanga. Wanga wa kwenye sahani umekuwa ukiogopwa kama wale wanga wa usiku. Je, ni kweli kwamba chakula kilichowalea wazazi wetu, na kikatulea sisi, leo kimegeuka sumu? Hilo ndilo swali letu la wiki hii.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Wanga umo katika ugali, wali, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, mkate, mtama na ulezi. Sukari ya kwenye chai nayo ni ya ukoo huo huo. Tukishakula, tumbo huvunjavunja wanga mpaka ukawa sukari nyepesi iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu. Hiyo ndiyo kuni ya mwili. Misuli ya mkulima anayelima huitumia, na ubongo wa mtu mzima peke yake hutumia kiasi cha gramu 120 kwa siku, hata kama mwenyewe ameketi tu anasoma gazeti.

Aidha, gramu moja ya wanga huupa mwili kalori zipatazo 4, lakini gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Kwa hiyo anayeulaumu ugali kwa kitambi chake ni vizuri atupie jicho pia karai la mafuta.

Jambo la pili la kujua ni mwendo. Glukosi ikiingia katika damu, kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuisaidia glukosi hiyo iingie katika misuli na sehemu nyingine za mwili. Unga wa nafaka isiyokobolewa, ulioliwa pamoja na maharage na mboga za majani, mara nyingi hupandisha sukari ya damu polepole. Soda huipandisha kwa kasi. Vyote viwili vinaitwa wanga, lakini havifanyi kazi moja mwilini. Hapo ndipo ushauri wa kusema "acha wanga" unapopotoka, kwa kuwa unaweka kunde na soda katika kapu moja.

Ili tulione jambo hili vizuri, tuchukue chakula kimoja tunachokijua sote, yaani muhogo, na tuufuate kutoka shambani hadi mjini. Twende Miono, katika Halmashauri ya Chalinze, Mkoa wa Pwani. Ukitoka Chalinze kwa barabara kuu ya Segera, unakata kulia pale Mandera kama mtu anayekwenda Saadani. Huko, kama katika sehemu nyingi za Pwani, muhogo ni mwenza wa mahindi. Mvua zikikataa, mahindi hukauka lakini muhogo husubiri ardhini. Kwa familia isiyo na akiba ya fedha, shamba la muhogo ndilo ghala.

Sasa tuutazame muhogo huo kwa macho ya lishe. Gramu 100 za muhogo mbichi zina wanga karibu gramu 38, lakini protini yake ni gramu moja na kidogo tu. Ni chakula cha nguvu hasa, ila cha kujenga mwili hakina. Hata hivyo, mti ule ule una majani. Kisamvu kina protini mara kadhaa zaidi ya mzizi, pamoja na vitamini. Kikitwangwa, kikachemshwa vya kutosha, kikaungwa kwa nazi au karanga na kuchanganywa na kunde, basi mti mmoja umetoa chakula na kitoweo chake. Mama wa kijijini anayepika bada kwa kisamvu hahitaji kuonewa huruma na mtu wa mjini. Sahani yake imekamilika kuliko sahani nyingi za Kariakoo.

Taabu huanza pale kitoweo kinapokosekana. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime katika Mkoa wa Mara watu walipatwa na ugonjwa uitwao konzo. Mtu huamka mzima, na kwa muda mfupi miguu yake hukakamaa asiweze kutembea kama zamani, na hali hiyo haina tiba ya kuirudisha miguu kama ilivyokuwa. Watafiti waliufuatilia wakaukuta umefungamana na muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka kwa sababu ya njaa, bila kulowekwa na kukaushwa kwa siku za kutosha. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Lakini sikilizeni upande wa pili wa jambo hilo: mwili una njia yake ya kuiondoa sumu hiyo, na kwa kazi hiyo unahitaji protini. Waliopatwa walikuwa wakila muhogo huo karibu mtupu.

Mfano mwingine unatoka kwa jirani zetu wa Malawi. Mwaka 1990 wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa huko walitegemea mgao wa chakula ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Mgao wa karanga ulipokatika, zaidi ya watu 17,000 waliugua pelagra, ugonjwa unaoibabua ngozi, kuharisha mtu na hata kumvuruga akili. Chanzo chake ni upungufu wa vitamini iitwayo niasini. Mahindi hayakuwa na sumu, wala hayakuwa machache mno. Kilichokosekana ni konzi ya karanga.

Msikilizaji, nisingependa tudhani kwamba mambo haya ni ya wakati wa ukame na ukimbizi tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, yakiwamo maradhi ya mara kwa mara na maji yasiyo safi, lakini bakuli la uji limo katika kesi hiyo. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi wa sembe au wa muhogo, hushiba, hunyamaza na hulala. Mama huridhika. Lakini kushiba si kukua. Mtoto aliyetimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, anahitaji uji mzito uliotiwa unga wa karanga au wa dagaa, au maziwa, na baadaye kunde zilizopondwa, mboga na tunda. Wanga wa uji ule tuuache pale pale, ila tuutafutie mwenzake.

Sasa tupande gari turudi mjini. Muhogo ule ule ukifika Dar es Salaam hubadili tabia. Pale Coco Beach tunaula ukiwa umekaangwa, kwa pilipili na kachumbari, na pembeni kuna soda baridi. Viazi vimekuwa chipsi, na chipsi zimevikwa mayai zikaitwa zege. Mahindi yamekobolewa mpaka yakawa meupe kama chokaa. Asubuhi ni maandazi na chai ya sukari vijiko vitatu. Halafu mlaji hupanda daladala au pikipiki, huketi kutwa, na jioni hurudi vile vile.

Matokeo yake yanaonekana katika kliniki. Utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja kati ya watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, wa mijini na vijijini, na ukakuta karibu 9 kati ya 100 wana sukari nyingi katika damu au wanatumia dawa zake. Tafiti hizo hazikufanana kwa umri wala kwa mahali, kwa hiyo tusizilinganishe kama mawe mawili ya mizani. Lakini mwelekeo hauhitaji miwani kuuona. Wazee wetu walikula wanga mwingi kuliko sisi, tena wakalima kwa jembe la mkono na kutembea kwa miguu. Kilichobadilika ni namna wanga unavyoandaliwa, unaliwa na nini, na mlaji anafanya kazi gani baada ya kula.

Je, ni wanga kiasi gani unaofaa? Mwaka 2018 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha utafiti uliowafuatilia Wamarekani zaidi ya 15,000 kwa muda wa miaka ipatayo 25. Waliopata karibu nusu ya nguvu zao kutokana na wanga ndio walioishi zaidi. Waliokula wanga mwingi mno, na waliokula kidogo mno, wote walitangulia kufa. Tena, miongoni mwa waliopunguza wanga, walioweka nyama mahali pake walifanya vibaya kuliko walioweka kunde, karanga na vyakula vingine vya mimea. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kila kitu, lakini unakubaliana na akili ya kawaida: pande zote mbili za kupindukia zina hatari.

Hata hivyo, tusiwanyime haki wanaopunguza wanga. Mwenye uzito mkubwa akiacha soda, maandazi na rundo la wali, atapungua, na sukari yake inaweza kushuka. Lakini mgonjwa anayetumia dawa za kisukari asifanye hivyo kwa kusikia barazani. Akipunguza chakula huku dawa ni ile ile, sukari yaweza kushuka kupita kiasi akazimia. Aende kwanza kwa daktari.

Kuna hili la sembe na dona. Tunapokoboa mahindi, tunaondoa pumba na kiini, na humo ndimo iliyomo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na mafuta mazuri. Pumba hizo tunawapelekea kuku. Ndiyo kusema kuku wetu anakula kwa busara kuliko mwenye banda. Dona ni bora, ila kwa sharti moja: mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa sumukuvu. Punje iliyoota ukungu haifai kwa dona wala kwa sembe.

Haya yote si mageni katika nchi hii. Mwaka 1973, mwaka ule ule ilipoundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa chini ya miembe wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Leo kila mtu ana simu mfukoni na ushauri wa lishe humfikia usiku na mchana, lakini hana kikundi cha kumuuliza, "Hivi hili ni kweli?"

Tufanye nini basi? Sahani ya mtu mzima tuigawe kwa macho. Nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe kunde, maharage, dagaa, samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wali au muhogo. Anayelima au kubeba mizigo aongeze ugali, kwa kuwa anautolea jasho. Anayeketi ofisini apunguze. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa siku, yaani kiasi cha vijiko 12 vya chai kwa mtu mzima wa kawaida. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 inaweza kukumalizia vijiko 8 hadi 9 kwa mikupuo michache.

Wengine watasema chakula bora ni cha wenye fedha. Si mara zote. Fungu la mchicha, kisamvu, kibaba cha kunde na dagaa wa kufunga katika karatasi si vyakula vya kitajiri. Na inapofika mahali familia haiwezi kupata hata hivyo, basi hilo halihusu tena ujuzi wa mpishi. Ni swali la kipato, la bei na la shamba, na inatupasa tuwaulize tuliowapa dhamana.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, leo jioni sufuria ya ugali ikiteremshwa, usiitazame kwa hofu. Tazama kilichopo katika bakuli la pili. Kama bakuli hilo ni tupu, au limejaa mafuta tu, hapo ndipo penye kazi ya kufanya.

Kwa leo tuishie hapo. Kwaherini.