Kisichotendulika: Mfuatano wa Matukio, Kisasi na Sarufi ya Kiswahili



Mwezi Mei 2002, katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ilioneshwa filamu ya Gaspar Noé iitwayo Irréversible. Watazamaji wengi walitoka ukumbini kabla haijamalizika. Filamu hiyo huanzia mwisho. Majina ya waigizaji na mafundi, ambayo kwa desturi hufunga filamu, huja mwanzoni. Kisha kila onyesho hufuatwa na lile lililolitangulia kwa wakati. Kwanza mtu anauawa klabuni kwa kupondwa uso na mtungi wa kuzimia moto. Baadaye ndipo mtazamaji anapooneshwa chanzo chake: mwanamke aitwaye Alex amebakwa na kupigwa katika njia ya chini ya barabara, na mwenzi wake Marcus, pamoja na rafiki yao Pierre, wametoka kulipiza kisasi. Mwishoni kabisa Alex anasoma kitabu bustanini kana kwamba hakuna lililotokea. Na kwa mpango wa wakati, kweli halijatokea.

Waliotoka ukumbini wana haki yao. Ubakaji huo huoneshwa kwa takriban dakika tisa bila kukatizwa, na hakuna nadharia ya lugha iwezayo kumlazimisha mtu kustahimili hayo. Hata hivyo, swali la mpangilio linabaki, nalo ni swali la kiisimu: habari ya ukatili hubadilika vipi inaposimuliwa kuanzia mwisho?

Kiswahili kina chombo mahsusi cha mfuatano, yaani kiambishi -ka-. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikieleza kuwa ni cha tendo linalofuata tendo jingine. Husemwa: aliamka, akanawa, akaenda shambani. Vitenzi hivyo vikipangwa kinyume, habari huwa nyingine. Hata kiitikio cha ngano zetu, pakawa, kimebeba kiambishi hicho.

Katika vibanda vya video vya Tanzania, wasimulizi kama Lufufu waliwazoesha watazamaji kupokea filamu za kigeni kwa sauti ya Kiswahili. Tuchukulie kuwa msimulizi wa aina hiyo anaileta filamu hii Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe, ambako Kiswahili huishi pamoja na Kinyamwanga. Kutoka onyesho moja hadi jingine, -ka- itamkatalia. Itambidi aseme "kabla ya hapo", "alikuwa amekwisha", na hasa "kumbe". Wakati -ka- humsukuma msikilizaji mbele, kumbe humgeuza atazame alikotoka.

Tofauti hiyo si ya sarufi tupu. Msikilizaji wa -ka- huelekea kuuona mfuatano kuwa sababu, na sababu kuwa haki. Tuitazame sentensi hii: aliiba, wakamkamata, wakampiga, akafa. Inateremka kama maji mlimani, wala hakuna mahali pa kusimama na kuuliza. Magazeti yetu, kwa upande wao, huandika kwamba mtu amefariki dunia baada ya kupigwa na wananchi wenye hasira kali kwa tuhuma za wizi. Hapo kifo kimetangulia, na neno tuhuma limekuja mwisho. Anayesoma kwa makini hulazimika kuuliza: tuhuma hizo zilithibitishwa na nani, na lini?

Ndivyo filamu ya Noé inavyofanya. Pigo huonekana kabla mtazamaji hajapata hasira ya kulihalalisha. Kisha anagundua mambo mawili. Kumbe aliyeuawa siye aliyembaka Alex. Mbakaji alikuwa amesimama kando akitazama. Na kumbe muuaji ni Pierre, yule aliyekuwa akimsihi mwenzake atulie. Mwaka 2019, huko Venice, Noé alionesha toleo lililopanga matukio yale yale kwa mfuatano wa kawaida. Katika toleo hilo mtazamaji hufika klabuni akiwa tayari na uchungu wa Alex moyoni, na ni rahisi mkono wake upige pamoja na wa Pierre. Jambo hili si la Paris peke yake. Vifo vya watuhumiwa mikononi mwa umati vimeripotiwa nchini Tanzania kwa miaka mingi.

Jina la filamu nalo lina fundisho. Kiswahili kina kauli ya kutendua, urithi wa kale wa lugha za Kibantu: funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, anika na anua. Lakini piga haina kitendua chake, wala baka, wala ua. Ipo fufua, nayo tumeiachia imani na ngano. Filamu inayorudi nyuma humwonesha Alex akiwa mzima tena, lakini haitendui chochote. Wahenga walilijua hilo: majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume.

Pendekezo la mhadhara huu kwa walimu wa Kiswahili, wa Ndalambo na wa kwingineko, ni dogo. Wanafunzi wakishamudu -ka-, wapewe habari ya mtu aliyeuawa na umati, waisimulie kuanzia kifo kurudi nyuma, na katika kila hatua waeleze wamejuaje. Watakapofika mahali pasipo na jibu, hapo ndipo umati ulipopaswa kusimama.